Geti la Kisimani

Ndama asiye na chapa akikutwa kati ya ranchi mbili, kila mwenye ranchi humwona ni wake. Nimeona watu waliobatiziana watoto wakionyeshana bunduki kwa ajili ya ndama mmoja mwenye kupe. Kwetu, kusini kabisa mwa Arizona, ugomvi wa namna hiyo haukufika kwa hakimu. Aliitwa kaka yangu, Anselmo Bracamonte. Atamtazama ndama, atawatazama ng'ombe majike wa pande zote mbili, atakaa kimya mpaka watu waanze kukohoa, halafu atasema ndama ni wa nani na kupanda gari lake kurudi nyumbani. Jioni utawasikia watu dukani:

"Vipi yule ndama?"

"Anselmo kasema ni wa Tolliver."

"Kasema mwenyewe?"

"Kasema."

Basi, yameisha. Hata aliyekosa ndama alimnunulia Anselmo soda.

Mali yake ilikuwa hiyo. Ardhi tulirithi, ng'ombe huja na huenda kwa mvua, lakini neno lake alilijenga mwenyewe tangu ujana, na watu walilitegemea. Naandika haya kwa sababu wako wanaomjua kaka yangu kwa jambo moja tu waliloliona kwenye kioo cha simu, nao hawakumjua hata kidogo.

Mimi ni Ofelia, dada yake mkubwa. Shule niliiacha darasa la sita, mama alipofariki, nikashika jiko la wachunga ng'ombe waliofanya kazi kwa baba. Anselmo alisoma miaka miwili zaidi yangu, na alinitania kwa hilo maisha yake yote. "Muulizeni msomi," angesema wageni wakiuliza jambo, akinionyesha mimi kwa kijiko. Tulizeeka katika nyumba ile ile, mjane na mgane, kila mmoja akilalamika jinsi mwenzake anavyokohoa.

Ukoo wetu ulikuwa kwenye bonde hili kabla mpaka wa nchi, hapo kusini yetu, haujachorwa. Kihispania tulikiongea nyumbani, Kiingereza sokoni, na kura tulipiga upande wa wahafidhina, mimi na yeye, na baba kabla yetu. Watu wa mjini hushangaa wakisikia. Sijui kinachowashangaza. Kwetu uhafidhina ni kwamba sheria iwe moja kwa wote, serikali ikae mbali na jiko langu, mtu ale jasho lake na Jumapili aende kanisani. Na nchi iwe na mlango, kama nyumba yoyote. Akibisha mtu, nitamfungulia na kumpa kiti. Akipitia dirishani, hata awe mwema namna gani, nitamuuliza kwa nini hakubisha. Sioni chuki iko wapi hapo.

Tena Anselmo aliweka bomba la chini kwenye hodhi la kisimani, la kunywea binadamu, kwa sababu wanaovuka mpaka kwa siri walikuwa wakikata mipira ya maji kwa kiu. Alipaka bomba lile rangi ya buluu ili lionekane kwa mbali. Jirani yetu Royce Tolliver alimcheka.

"Unawawekea na viti, mzee?"

"Mpira ukikatwa maji yanamwagika, ng'ombe wangu wanakufa. Mtu akikosa maji anakufa yeye. Bomba moja linaziba matundu mawili. Sasa nicheke mimi au ucheke wewe?"

Na mtu yule yule wa bomba ndiye aliyetaka mpaka ulindwe. Yeye hakuona tatizo hapo. Mimi pia silioni.

Alipoamua kugombea kiti cha bunge la jimbo, sikumzuia. Aliyekuwa akituwakilisha aliishi kando ya uwanja wa gofu, mwendo wa nusu siku kutoka kwetu, akija kila uchaguzi na kofia mpya ambayo haijaonja jasho. Magavana nao, wa chama hiki na cha kile, walikuja kwa helikopta, wakashika seng'enge kwa mikono laini, wakapigwa picha, wakaondoka kabla chakula hakijaiva. Mmoja alisema mpaka uko salama, mwingine akasema tumevamiwa. Hakuna aliyeuliza nani anaziba ua likikatwa. Anselmo alitaka kwenda kusema jambo hilo moja. "Nikishalisema narudi," aliniambia, "usigawe kitanda changu."

Chama kilimpa mtu wa kumwongoza, kijana wa mji mkuu wa jimbo aliyeitwa Trent Wexley, mwenye simu mbili na meno meupe. Wexley ndiye aliyepanga watu wa televisheni waje. Walifika mwezi wa Juni, mwezi wetu mbaya, jua linapopasua mawe na mvua za Julai bado. Mwandishi wao, Garrett Pohl, alikuwa mtu wa adabu. Alivua miwani aliponisalimia. Niliwapa kahawa wote, hata mbeba nyaya, maana nyumba hii haijawahi kumtoa mtu bila kahawa.

Pohl alimkalisha Anselmo barazani, kamera ikawashwa.

"Bwana Bracamonte, nisamehe nikiuliza wazi. Ukiangalia jina lako, na sura yako, hawa wanaovuka si ndugu zako?"

"Ndugu yangu ndiye huyo anayekumiminia kahawa. Muulize amevuka wapi."

"Sijavuka hata barabara ya lami mwaka huu," nikasema.

Wa kamera alicheka. Pohl hakucheka.

"Lakini wako watakaosema unawasaliti watu wako."

"Watu wangu ni wanaoishi hapa na kuziba ua hapa, awe Tolliver, awe Bracamonte. Hao wanaosema, waje waseme nikiwa nimekaa. Kahawa iko."

Waliongea asubuhi nzima. Anselmo akawapeleka kisimani, akawaonyesha ua uliokatwa na bomba la buluu, Pohl akainama kunywa na kusema maji ni matamu. Walipomaliza wakaomba wabaki peke yao, wapige picha ya jua likizama.

"Kaeni tu," Anselmo akawaambia. "Jua si langu."

Sasa kuna geti pale, kati ya malisho ya juu na kisima. Bwawa la juu likikauka mwezi wa Juni, geti lile huachwa wazi, ng'ombe wa juu wapate kushuka kunywa. Anselmo hakuwaambia habari zake. Kwetu, geti unaliacha ulivyolikuta: la wazi libaki wazi, lililofungwa ulifunge nyuma yako. Mtoto hulijua hilo kabla ya kujifunga viatu. Kumkumbusha mtu mzima ni kama kumwambia anawe mikono baada ya choo. Pohl alikuwa mgeni, tena mwenye adabu. Kaka yangu hakutaka kumtukana.

Kesho yake alfajiri Wexley alimchukua Anselmo kwenda kaskazini, kuzunguka siku kadhaa na kuomba kura. Magoti yangu hayanifikishi kisimani. Joto lilikuwa la kuua ndege.

Aliporudi alikwenda juu kabla hata ya kula. Alirudi akaketi mezani na kofia kichwani. Tangu tuzaliwe sijamwona akikaa mezani na kofia.

"Wamelifunga geti," akasema.

"Geti lipi?"

"La kisimani. Wamekufa wote wa juu, Ofelia. Hawakutawanyika hata. Wamelala wamebanana getini, vichwa vimeelekea kwenye maji. Walikuwa wanayanusa."

"Nani kalifunga?"

"Nani mwingine? Nyayo za wanaovuka zimejaa pale. Na madumu yao."

Nyayo zilikuwepo kweli, huwa zipo siku zote, na yale madumu meusi wanayobebea maji. Kila mwaka tulilalamika kwamba wavukaji wanaacha mageti wazi. Mwaka ule tukalalamika kwamba wamefunga. Hakuna aliyesita. Mizoga ilikuwa inanuka, na mwenye mizoga alikuwa mtu ambaye neno lake halipimwi.

Kwenye chakula cha chama, katika ukumbi wa wazima moto, Anselmo alisimama akasema: walionifungia geti ni wavukaji. Alisema hivyo tu, akakaa. Wexley macho yakamng'aa kama aliyeona dhahabu. Kabla ya wiki kwisha mizoga yetu ilikuwa kwenye mabango makubwa ya barabarani, na maneno mekundu juu yake: HIKI NDICHO WANACHOTULETEA. Redio ikaimba wimbo huo asubuhi na jioni. Watu tusiowajua walipiga simu kutoka majimbo mengine kutoa pole. Mmoja alisema atakuja na bunduki kutusaidia. Anselmo akamwambia alete koleo la kuzikia.

"Kiti ni chako, mzee," Wexley alisema. "Wale ng'ombe hawakufa bure."

Anselmo hakuyapenda yale mabango. Lakini aliamini alichokisema, na mabango yalisema alichokisema, ila kwa sauti kubwa.

Kisha Jumapili moja ile taarifa ya Pohl ikatangazwa. Royce Tolliver na mkewe walikuja kwetu kuitazama. Nilipika maharage na nyama ya kukausha, na tortilla, zile chapati zetu nyembamba za ngano. Taarifa ilianza na bunduki ya Anselmo, ile inayokaa nyuma ya kiti cha gari tangu enzi ya baba kwa ajili ya nyoka. Waliipiga picha kwa karibu, polepole, kama sura ya mtu. Halafu seng'enge. Halafu Anselmo akisema, "Mpaka ulindwe," wakamkata hapo. Asubuhi nzima ya maneno, wakachukua hayo. Bomba la buluu halikuonekana. Maji aliyokunywa Pohl hayakuonekana. Akaingia profesa wa chuo fulani kueleza kwa nini watu kama kaka yangu wanajichukia.

"Mimi najichukia?" Anselmo akaniuliza.

"Unamchukia kinyozi wako," Tolliver akasema, "na una haki."

Tulikuwa bado tunacheka. Mwisho ukafika. Jua jekundu, Pohl anatembea peke yake kuelekea kamera. Anapita getini. Anashika geti, anageuka, anasema kwa huzuni nzuri: "Hapa mpakani, kila mtu anafunga mlango wake." Analivuta, analifunga, anapitisha mnyororo kwenye ndoano yake. Ukalia. Picha ikazima.

Mke wa Tolliver alishika mdomo.

"Mungu wangu," Tolliver akasema. "Anselmo. Lile geti."

"Rudisha nyuma," kaka yangu akasema.

Tolliver akabonyeza, ikarudi. Pohl akalifunga tena.

"Rudisha."

Aliangalia mpaka maharage yakapoa. Halafu akaenda nje kusimama gizani na mbwa.

Wexley alikuja asubuhi. Naye alikuwa ameiona, na wa kwetu wawili watatu walikuwa wamempigia. Alikaa jikoni kwangu, hakugusa kahawa mpaka ikafanya ngozi.

"Mzee, sikiliza. Mjini hakuna anayejua geti linafanya kazi gani. Wameona mtu anafunga geti, basi. Nyamaza, kura za mchujo za chama zipite."

"Mimi najua linafanya kazi gani."

"Wewe hupigi kura peke yako."

"Moja napiga."

"Sawa. Basi tumshambulie Pohl! Televisheni imeua ng'ombe wako! Watu watapenda, nakuapia. Ila usiseme kwamba ulikosea kuhusu wale wengine. Acha watu wajumlishe wenyewe."

"Nilisema ni wale. Si wale. Nikianza kusema la Pohl kabla ya kuliondoa lile, nitakuwa nasema nini?"

"Utakuwa unashinda!"

"Kijana," Anselmo akamwambia, bila ukali, "wewe hujawahi kuulizwa ndama ni wa nani."

Wexley alinitazama mimi, labda akidhani mwanamke mzee atakuwa na akili zaidi. Nikamuuliza Anselmo kama anataka nimpigie pasi shati jeupe au la mistari.

Alivaa jeupe. Tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru, kwenye uwanja wa mashindano ya kupanda madume ya ng'ombe, kaunti nzima ikiwa kwenye mbao za kukalia na bendera kila mahali, alichukua kipaza sauti. Maneno yake nayakumbuka yote, maana hayakuwa mengi.

"Nilisema waliofunga geti langu ni wavukaji. Nilikosea. Alilifunga mwandishi wa televisheni, mmemwona wenyewe. Kuvuka bila kubisha ni kosa, na mkinipeleka bungeni nitapiga kura mpaka ulindwe, hilo sijabadili. Lakini ng'ombe hawa hawakuuawa na wao. Siwezi kuomba kura kwa mizoga ya uongo. Yale mabango yashushwe."

Upepo ulikuwa unapiga bendera. Nilitegemea makofi, kusema kweli. Hawa ndio watu waliokuwa wakisema "Anselmo kasema" na kwenda kulala. Badala yake, kutoka mbao za juu, sauti ya mwanamume:

"Damu imemwita!"

Wengine wakacheka. Si wengi, lakini waliobaki hawakuwanyamazisha. Tolliver alisimama kuangalia nani kasema, mkewe akamvuta chini. Watu ambao babu zao walipewa maji na babu yetu walipofika bonde hili na mikokoteni, leo ndio wanatuambia damu yetu ni ya upande gani.

Upande wa pili ukawa mbaya vile vile. Magazeti ya mjini yaliandika: MGOMBEA AKIRI KUWASINGIZIA WAHAMIAJI. Televisheni ya Pohl ikasema hivyo hivyo, ikamwonyesha Anselmo akisema "Nilikosea," wakamkata hapo. Geti halikutajwa. Nani alilifunga halikutajwa. Nilipiga simu kwao mwenyewe. Nilirushwa huku na huku mpaka akapatikana binti mpole, nikamweleza yote, tangu bwawa kukauka. Akanisikiliza vizuri. Akauliza:

"Lakini bibi, si ni vizuri kufunga geti?"

Nikaweka simu chini.

Pohl hakupiga simu. Wexley alihamisha zile simu zake mbili kwa yule wa uwanja wa gofu, na mabango hayakushushwa, walibandika tu jina jipya chini ya mizoga yetu. Mizoga yetu! Anselmo alishindwa kwenye mchujo, hata katika kituo chetu, pale shuleni, ambapo nawajua wapiga kura wote kwa majina ya utani. Mpaka leo nikikutana nao kanisani, wakati wa kupeana mkono wa amani, huwa nawaza, wewe ulipiga wapi.

Kiti hakikumuuma. Kilichomuuma kilikuja Oktoba, wakati wa kukusanya ng'ombe. Tulikuwa duka la vyakula vya mifugo, yeye ananunua chumvi ya kulamba, mimi niko kwenye kiti karibu na mlango. Vijana wawili wenye ranchi za upande wa mashariki walikuwa wakizozana kuhusu ndama.

"Basi tumwite Anselmo," mmoja akasema.

"Yupi? Huyo anayesema leo, kesho anasema hakusema?"

Wakacheka. Hawakujua yuko nyuma ya rafu. Muuza duka alijua, akaanza kupanga kamba zilizokuwa zimeshapangwa. Anselmo alikuja na chumvi yake, akalipa, akawasalimia wale vijana kwa kugusa kofia, akatoka. Kwenye gari nilisubiri aseme neno.

"Ndama alikuwa wa yule mfupi," akasema. "Nilimwona na mama yake juzi."

"Rudi uwaambie."

"Hawajaniuliza."

Wale vijana walikwenda kwa hakimu, mjini, na mawakili. Hakuitwa tena kwa ndama hata mmoja. Mwezi ule alilitoa geti la kisimani kwenye bawaba zake, akalilaza nyuma ya banda, majani yakaota katikati yake. Pale penye geti zikabaki nguzo mbili. Bomba la buluu aliliacha, na kila mwaka alilipaka rangi upya. Wanaovuka bado wanakunywa. Ua bado unakatwa, na mji mkuu bado hauulizi nani anaziba.

Alifariki majira ya baridi ya pili baada ya uchaguzi ule, amejilaza kitandani na viatu vya kazi miguuni. Mjukuu wangu Nidia aliandika jina lake kwenye simu ili atafute picha ya kuweka kwenye jeneza. Cha kwanza kilichotokea kilikuwa kile kichwa cha habari: akiri kuwasingizia. Chini yake, mabango. Alijaribu kuificha, nikamwambia nionyeshe. Miaka yote ile ya ndama, na hapo hapana ndama hata mmoja.

Mwaka huu kuna uchaguzi tena. Watu wa televisheni walikuja wiki iliyopita, si Pohl, ni wapya, vijana, wakiwa na kamera ndogo. Wanatengeneza taarifa kuhusu mpaka. Walivua miwani waliponisalimia. Wakauliza kama wanaweza kuliona geti ambapo ng'ombe walikufa, lile la mzee aliyesema uongo, wakajikosoa haraka, lile la kaka yangu.

Niliwaambia liko nyuma ya banda, limelala, kalipigeni picha kama mnalitaka. Wakaenda, wakalizunguka, wakalipiga picha, mmoja akajaribu kulinyanyua lisimame, likamshinda. Walirudi barazani jasho likiwatoka. Birika la kahawa lilikuwa jikoni juu ya moto, harufu yake imefika mpaka nje, na waliisikia.

Sikuwaambia wakae.